Kofia Inayofumba Macho Yenyewe

Nyie vijana mtakaosoma daftari hili, simu zenu ziwekeni kifudifudi kwanza. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, naandika polepole, na nyie someni polepole. Sitaeleza nilizaliwa na nani wala ukoo wetu ulitokea wapi. Hayo waulizeni shangazi zenu, ndiyo raha yao. Naandika habari ya mwaka mmoja, mwaka ule Zaina wangu alipoanza darasa la kwanza, tulipokuwa tumepanga vyumba viwili Manundu, pale Korogwe. Na mlionifanya niandike ni nyie wenyewe. Mwezi uliopita tumemzika Fundi Mhina kule Mashewa. Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu tunachambua mchele, nikawasikia nyuma ya turubai mnabishana. Mmoja wenu kanunua mashine ndogo ya kuchomelea vyuma, anataka kujitengenezea vitu vyake nyumbani, si kwa biashara, na sasa anatafuta kofia ya kukinga macho, ile yenye kioo kinachojitia giza chenyewe, na hela yake ndogo. Mwingine anasema za bei rahisi zote takataka. Mwingine anasema achana nazo, vaa miwani ya jua. Miwani ya jua! Kwenye matanga ya Fundi Mhina! Nikasimama na ungo wangu nikawaambia kofia ya namna hiyo mimi niliichagua kabla hamjazaliwa, tena ya bei rahisi. Mkacheka. Mmoja akasema, "Bibi naye! Alikuwa anachomelea vitumbua." Sawa. Vitumbua nilikuwa napika, sikatai. Sasa sikilizeni.

Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni, tuliamka tukakuta maduka yamejaa mpaka vitu vinaning'inizwa nje kwenye misumari: redio, chupa za chai zenye maua, mabegi, saa za ukutani zinazolia kama ndege. Kila mtu akanunua kitu. Na kila aliyenunua kitu akakumbuka kwamba sasa ana kitu cha kuibiwa, akataka grili za madirisha. Ndiyo maana Fundi Mhina alikuwa hapumui. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, kibanda cha mabati kilichofunguka mbele, mashine ya kuchomelea ameiunda mwenyewe, dude limezungushiwa nyaya za shaba, linanguruma mpaka vikombe vyetu kabatini vinagongana. Chumba chetu cha kwanza tulilala mimi na mume wangu na Zaina. Cha pili kilikuwa stoo, jiko la siku za mvua, na kitanda cha wifi yangu Mwanaidi, ambaye alikuja kukaa nasi wiki mbili na hajui mpaka leo wiki mbili ni siku ngapi. Mume wangu alikuwa utingo wa lori, leo yuko, kesho hayuko. Mimi nilipika vitumbua uani, mgongo wangu ukiwa hatua kumi na tano kutoka kwenye ile mashine.

Watu huuliza mwanamke wa vitumbua aliingiaje kwenye vyuma. Niliingia kwa masikio. Kitumbua kikiingia kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa kina mlio wake, mlio mmoja uliotulia, hauruki wala hauzimi. Chuma kikichomelewa vizuri kina mlio huohuo, naapa. Mafuta yakiwa baridi kitumbua kinanung'unika; chuma nacho kikikataa kinanung'unika, kinakohoa. Basi asubuhi moja nageuza vitumbua, nasikia huko nyuma kunakohoa, nikapaza sauti bila kugeuka: "Fundi, hiyo imekataa!" Akagonga kwa nyundo, kipande kikaanguka chini ngwaa. Akaja mpaka kwenye jiko langu amevua miwani yake. "Mama Zaina, nani kakwambia?" "Masikio." Akanitazama, macho yale mekundu yanayotoa machozi saa zote, akasema, "Basi njoo mchana ukimaliza, na macho yako yasaidie. Yangu nambari za futi hayazioni tena."

Fundi alichomelea kwa miwani ya jua ya mtumba. Anagusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma, mwanga unalipuka, yeye anageuza uso pembeni kama mtu aliyeudhiwa, na mkono unaendelea wenyewe huku anasikiliza. Miaka ishirini na zaidi. Hakuwa peke yake, mafundi wa mji mzima walifanya hivyo, na mwenye kuvaa kitu cha maana waliona anaogopa kazi. Nikaanza kumsomea futi mchana, nikimshikia nondo, na baada ya wiki chache nikamwomba anipe mashine nijaribu. Sikutaka kazi ya mtu. Sikutaka kuuza hata kipande. Nilitaka tu, basi. Nyie mnaona ajabu mtu kutaka kitu bila biashara, lakini kumbukeni mimi tangu nipate akili kila nilichofanya kilikuwa cha kula, cha kufua au cha kubeba. Akanipa. Nikagusisha, ikalipuka, na badala ya kugeuza uso kama yeye, mimi nikachungulia. Nilitaka kuona kinachofanyika mle ndani! Nikachungulia kijiti kizima, na cha pili.

Kufikia magharibi macho yangu yalikuwa yamejaa mchanga. Hakuna mchanga, lakini ukifumba ni mchanga, ukifumbua ni mchanga wa moto. Mwanaidi akaniwekea majani ya chai yaliyopoa kwenye kope, huku ananisema mfululizo. "Wifi, mume wako akikuta kipofu hapa ndani nitamwambia nini? Kwamba ulikuwa unatazama umeme?" Asubuhi Fundi akaja, akasimama mlangoni, hakuingia. Sijawahi kumwona mkali vile. "Mimi yalianza hivyohivyo," akasema. "Leo geti la mtu napima kwa vidole. Mama Zaina, mashine yangu hushiki tena mpaka uje na kitu cha kukinga macho, kitu cha kweli. Nitakijaribu mimi mwenyewe. Kikifeli, basi, tena usiniombe. Macho ya mke wa mtu sitayaharibu mimi." Nikamwambia, "Nimesikia, Fundi." Nilikuwa sioni hata pua yake, lakini mkononi nilikuwa bado nasikia ule mtetemo wa kile kijiti, na moyo unaniambia: nitapata, nitarudi pale.

Pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya sare. Binamu yake Mwanaidi alikuwa anaolewa Handeni, na mnajua mambo yetu: wanawake wote wa upande wa bwana na bibi harusi tunanunua kitenge cha rangi moja, asiyenacho amejitenga. Kilichaguliwa cha kijani chenye mikia ya tausi. Mimi nikaenda Handeni na pesa ya tausi kwenye pindo la khanga, na siku hiyo ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Pembeni ya zizi, kwenye turubai la mitumba, kati ya viatu visivyo na wenzake, nikaiona kofia ya kuchomelea! Kubwa, nyeusi, ya fundi wa kizungu sijui wa wapi, ina kioo cha giza moja kwa moja. Nikaruka vile viatu. Nikaivaa palepale. Giza totoro. Muuzaji akanielekeza: unaiacha juu ya paji la uso, unaweka kijiti chako mahali pake, halafu unatikisa kichwa hivi, inashuka yenyewe, ndipo unagusisha. Nikaokota fimbo, nikalenga kisigino cha kiatu kimoja, nikatikisa kichwa, kofia ikashuka ngu! Nikagusisha. Nikasikia watu wanacheka. Kuinua, fimbo yangu iko kwenye bakuli la tumbaku la mama wa jirani. Nikarudia mara tatu, sikugusa kile kiatu hata mara moja. Mzee mmoja wa Kimasai, aliyekuwa amesimama na ng'ombe wake wawili anasubiri zamu, akaiomba naye avae. Akaivaa, akageuza kichwa huku na huku. Akaivua, akamuuliza muuzaji kwa upole kabisa, "Rafiki, hii giza unauza kiasi gani? Kwangu iko nyingi, ya bure."

Tulicheka wote, lakini mimi nilikuwa nafikiri, na hapa ndipo nataka yule mwenye mashine yake ndogo asome mara mbili. Fundi wa kazi mkono wake unajua njia. Ukimziba uso atafika tu, kama mimi ninavyotia chumvi bila kuangalia. Lakini mtu wa kujifurahisha, anayeshika mashine siku moja kwa wiki, mkono wake ni kipofu. Ukimwekea giza kabla hajaanza, anaanzia kwenye bakuli la tumbaku. Kuna na kigao, ngao ndogo ya uso ya kushika kwa mkono, ambacho kilikuwa rahisi kuliko vyote, nacho kinakula mkono mmoja, na mimi nilihitaji mikono miwili na kama ningepata wa tatu ningeutumia. Nilitaka kitu kinachoniacha nione kabla, kisha kifumbe chenyewe kwa wakati wake. Nikamrudishia muuzaji kofia yake. Nikafika dukani kwa vitenge, nikaitazama ile mikia ya tausi, nikageuka.

Korogwe, karibu na soko, palikuwa na duka la vifaa la bwana mmoja akiitwa Salehe, mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Nilikuwa nimesikia kwamba ameleta kofia za ajabu. Nikaingia. "Habari za leo, kaka." "Nzuri, dada, karibu." "Nasikia una kofia inayofumba macho yenyewe." Akatabasamu, akaitoa moja iliyokuwa ikining'inia juu ya ndoo za rangi, akanivalisha. Nilikuwa naona! Duka lote nikaliona kupitia kile kioo, rangi ya kijani kidogo kama niko ndani ya chupa, naona misumari, naona uso wake. Akatoa kiberiti cha gesi mfukoni, akakiwasha mbele ya kioo. Tki! Giza. Akazima. Mwanga. Akawasha, giza! Nilipiga kelele, wateja wakageuka. "Tena!" Akarudia. "Tena, kaka!" Alirudia mpaka kidole kikaungua, maskini, na mimi nacheka ndani ya kofia kama mtoto anayerushwa juu. Haraka ile! Wala kope ya mtu haiwahi. Kitu kisicho na uhai kinajua kufumba!

Zilikuwepo za aina mbili. Moja ina vifundo vya kuongeza na kupunguza giza, nzito, bei yake hata sikuiuliza mara ya pili. Ya pili nyepesi, giza lake moja tu, ndani ina mkanda wa kichwa wenye kifundo cha kukaza, na juu ya kioo kuna kipande cheusi kinachokula mwanga kwa ajili ya kuipa nguvu. Salehe hakunisukuma kwenye ya bei kubwa, na kwa hilo nampa heshima mpaka leo. "Unachomelea kutwa?" "Hapana. Jumapili, kwa raha zangu." Hakucheka. "Basi chukua nyepesi. Grili na vitanda giza hilo linatosha, na shingo haitachoka." Akataka kunifungia ileile aliyonivalisha. Hapo, wajukuu zangu, ndipo nilipojifanya mjanja. "Hii imeshavaliwa na kila mwenye mafua Korogwe," nikasema. "Nipe ya kwenye boksi, yenye nailoni yake." "Dada, hii tumeijaribu, inafanya kazi." "Ya kwenye boksi, kaka." Akashusha boksi. Nikafungua nikaona nailoni, nikaona na karatasi ya dhahabu imebandikwa pajini, juu ya kioo, ina maandishi mekundu na picha ya tai. Nikaridhika. Mnatujua sisi. Kiti kipya kinakaliwa na nailoni yake mpaka ichanike yenyewe. Redio ina kibandiko cha dukani mpaka ifike kwa mjukuu. Mbandua karatasi ni mharibifu.

Nyumbani niliiweka juu ya kabati, pembeni ya redio, nikaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi. Mume wangu alikuwa karudi siku hiyo, akala wali na maharage yake, kila tonge anatazama juu ya kabati. Mwisho akainuka, akafunua kile kitambaa, akaivaa. "Mama Zaina," akasema humo ndani, "na pikipiki yenyewe iko wapi?" Mwanaidi hakucheka. Alikuwa amekwisha kujua. "Ndiyo sare yako hiyo, wifi?" "Ndiyo." "Utakaa nayo mkekani na wenye kijani?" "Nitakaa nayo mkekani. Tena mimi ndiye nitakayekuwa naona vizuri." Akaondoka na sahani yake akaenda kula chumba cha pili, na kupitia ukuta tukamsikia anaongea na sufuria: anajifanya mwanaume, pesa ya harusi ya watu, kofia, kofia, kofia. Zaina akaniuliza kama anaweza kwenda na ile kofia shule. Nikamwambia ajaribu tu aone.

Jumapili ikafika. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, nikaanza kumlaumu kila mtu mpaka mitambo ya umeme ya Hale yenyewe, na uliporudi saa nane nilitoka mbio na kofia yangu kifuani kama nabeba mtoto mchanga. Karakanani walikuwepo mafundi watatu wa jirani, wamekuja kuangalia sinema ya bure. "Mama vitumbua kaja na kichwa cha roboti!" Nikawaambia wakatafute vichwa vyao kwanza. Fundi Mhina akaichukua, akaipapasa nje na ndani kwa vidole vyake vile. Nikamwambia niivae mimi. "Hapana," akasema. "Macho yangu yameshaliwa. Kama ni kuumia, niumie mimi." Akaivaa. Akagusisha kijiti. Akaruka nyuma! "Mwanga umeingia wote!" Akavuta pumzi, akarudia mara ya pili, na ya tatu, mtu wa haki, asije akaionea. Haikufumba. Hata mara moja haikufumba. Wale watatu wakashikana mabega kwa kicheko. Fundi akaivua taratibu, akanipa bila kunitazama. "Ni ya kuchezea watoto hii. Nilikwambia, Mama Zaina. Basi." Uani Mwanaidi alikuwa anakosha vyombo, na vyombo siku hiyo vilikoshwa kwa vigelegele.

Sikulia. Hasira ilikuwa nyingi mno, machozi hayakupata njia. Jumatatu sikupika vitumbua. Kabla Salehe hajamaliza kufungua milango yake mimi nipo pale na boksi. "Kaka, salamu siitoi kwa tapeli." Akanikaribisha vilevile kwa sauti yake ya kubembeleza. Nikamweleza. Akaitoa kofia kwenye boksi, akaitazama, akanitazama mimi, akaweka ukucha kwenye pembe ya ile karatasi ya dhahabu. "Usinibandulie!" nikapiga kelele, nikamshika mkono. "Nitairudishaje kwako bila karatasi yake?" "Dada," akasema, "hapa chini ya tai kuna vitobo viwili vidogo. Hivyo ndivyo macho ya kofia. Na hiki kipande cheusi ndicho kinachokula mwanga. Umeifunga macho na mdomo." Akabandua. Kwaraa! Nilisikia uchungu wa kweli kweli, kama ananibandua ngozi. Vitobo viwili vikatokea, vinang'aa, kama macho ya panya. Akaiweka mlangoni ikae juani kidogo, mimi nikitazama sakafu. Kisha akawasha kiberiti. Tki! Giza. Lo! Nilitaka kumkumbatia, ila ni mume wa mtu. "Kwa nini hukunieleza?" "Ulitaka ya kwenye boksi, dada. Nilijua ukifika nyumbani utabandua." Kweli yeye alikuwa mgeni Korogwe.

Nilirudi nimeivaa. Sokoni nimeivaa, barabarani nimeivaa, watu wananipisha. Nikamkuta Fundi anakunywa chai ya rangi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba. Nilishasema, Mama Zaina." "Ulisema kikifeli. Hakikufeli. Mimi ndiye niliyekiziba macho." Nikamweleza habari ya karatasi. Moyo ulinidunda mpaka nikausikia ndani ya ile kofia, kwa sababu yule mzee akisema neno halirudi, na kama angesema 'basi' tena siku ile, ingekuwa basi ya maisha. Akaweka kikombe chini. "Kuna jambo limenishangaza," akasema. "Jana mwanga ulinipiga mara tatu, mbele ya uso kabisa. Nikalala nasubiri mchanga. Mchanga haukuja." Baadaye sana fundi mmoja wa mjini alinieleza kwamba kioo kile hata kikiwa cheupe kinazuia ule ubaya wenyewe, giza ni la kukufanya uone. Siku ile hatukujua hilo. Tulijua tu kwamba mchanga haukuja. "Lete," akasema Fundi.

Akaivaa. Akashika kijiti, akainamisha kichwa pembeni kwa mazoea, akagusisha. Mlio ukaanza. Kisha nikaona kichwa chake kinageuka, polepole, kinarudi mbele, kinatazama kazi. Mlio ukatulia, kitumbua kwenye mafuta mazuri. Akaenda mpaka kijiti kikaisha. Akachukua kingine bila kuinua uso. Akamaliza na hicho. Alichukua cha tatu, na palikuwa hapana kitu tena cha kuunga pale, akawa anamwaga mstari juu ya chuma kitupu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mimi nimesimama kando nimeshika mikono yangu. Alipoivua uso wote umelowa, sasa kama ni yale machozi yake ya siku zote mimi sijui. "Kumbe inatembea hivi," akasema. "Ni uji. Mama Zaina, ni uji kabisa, unausukuma kwa ncha. Miaka yote hii mimi nausikia tu." Akanivalisha kwa mikono yake, akakaza kifundo nyuma ya kichwa changu. "Haya. Usigeuze uso. Tazama."

Nikatazama. Niliona ncha ya kijiti, nikaona chuma changu, nikaona mahali pa kuanzia kabla ya kuanza, nikagusisha, tki, na palepale katikati ya giza kukawa na kidimbwi kidogo cha jua, kinachemka, kinang'aa kingo, kinanifuata! Nikienda kushoto kinakuja. Nikisimama kinatanuka. Wajukuu zangu, nimezaa, nimesafiri, nimeona bahari mara moja, lakini furaha iliyonipanda pale sina pa kuilinganisha. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi. Fundi aligonga kwa nyundo, haukuachia. Akagonga tena kwa nguvu. Haukuachia! "Hii imekubali," akasema.

Kuanzia hapo kofia ilikaa karakanani. Siku za kazi ilikuwa kichwani mwake, Jumapili kichwani mwangu. Wale mafundi watatu walianza kuja kuiazima wakidai wanataka kuijaribu tu kidogo, na kabla mwaka haujaisha wawili walikuwa na zao. Macho ya Fundi hayakupona, tusidanganyane, kilichokwenda kilikwenda. Lakini kilichobaki kilibaki. Kule Mashewa watoto wake walinieleza kwamba mpaka wiki ya mwisho alikuwa anawatambua wajukuu kwa sura, anamwita kila mmoja jina lake wakiwa bado uani. Nyie mliokuwa nyuma ya turubai na miwani yenu ya jua, lifikirieni hilo. Na wewe mwenye hela ndogo: nunua ya bei rahisi, nyepesi, lakini chukua ileile uliyoona inafumba mbele ya macho yako. Harusini nilikwenda na khanga yangu ya zamani kati ya matausi arobaini, nikala pilau kama wao. Mikono yangu ilikuwa na vidoti vya moto, wanawake wakaniuliza nimeungua na mafuta. Nikawaambia hapana, na nikawaeleza mpaka pilau ikapoa.

Ila nyumbani palikuwa na neno moja limebaki. Jumapili ya kwanza baada ya harusi, adhuhuri imepita, najifunga khanga ya kazi, mume wangu yupo, Zaina yupo, Mwanaidi yupo mlangoni amesimama upana wote. "Wifi, hatujakataza," akasema. "Lakini tuambie, chakula cha jioni Jumapili anapika nani? Au tutakula nondo?" Mume wangu akatazama dari. Nilikuwa nimezoea, kwa maneno kama hayo, kufungua khanga na kurudi kwenye mafiga. Siku hiyo nilikaza fundo. Nikawaambia, na nilisema mara moja tu: "Jumapili kuanzia saa nane mpaka giza liingie, mimi nipo na sipo. Mchele uko kwenye debe, maharage yako kwenye kapu. Mwanaidi utapika, Baba Zaina utachota maji, Zaina atapakua. Na mtu asije karakanani kuniuliza chumvi iko wapi."